Mwili Wako na Picha za Simuni: Mwongozo kwa Kina Mama na Mabinti wa Funzi

Ukifika kisiwani Funzi msimu wa harusi utamkuta bibi harusi ametiwa ndani. Anasingwa kwa liwa na singo, viganja vimetiwa hina, nguo zake zinafukizwa udi. Anayemsinga ni somo wake, au shangazi, au jirani aliyemjua tangu anatambaa. Mikono ile inajua kovu la gotini lilitoka wapi, na inajua kwamba ngozi hii huwashwa na ndimu. Pembeni ya mkeka ipo simu. Ndani yake mna mabibi harusi wa Mombasa, Dubai na Muscat, nyuso zimeng'arishwa kwa poda na taa, viuno vimebanwa, ngozi haina hata kinyweleo. Bibi harusi huitazama simu, kisha huitazama mikono yake mwenyewe.

Makala haya ni ya yule anayejitazama hivyo, na ya mama, shangazi, mwalimu na mume walio karibu naye. Yanaeleza jinsi picha za mitandaoni zinavyoweza kumfanya mwanamke auchukie mwili wake, madhara yanayofuata, na mambo ya kufanya akiwa hapa kisiwani au ng'ambo, Bodo, Msambweni au Ukunda.

Tusiisingizie simu kila kitu. Pwani yetu ilisifu weupe kabla intaneti haijafika. Bibi zetu walifichwa jua siku nyingi ili siku ya kutolewa nje watoke waking'aa, na binti mweusi alisikia maneno tangu utotoni, mengine kutoka kwa ndugu zake wa damu. Mwembamba aliulizwa kama kwao wanakula. Kwa hiyo simu imekikuta kidonda tayari. Ilichofanya ni kukichokonoa kila saa na kumweka muuza dawa mlangoni.

Zamani msichana wa Funzi alijilinganisha na wenzake wa kijijini, na binamu zake wa Bodo au Vanga waliokuja kwa harusi na matanga. Aliwaona wakiwa wagonjwa, wakiwa na chunusi, wakitoka pwani miguu imejaa matope ya mikoko. Leo, kabla hajanywa chai ya asubuhi, huenda ameshaona nyuso nyingi kuliko watu wote wa kisiwa chake, kila uso ukiwa katika sekunde yake nzuri kuliko zote. Hili ni jambo la nchi nzima. Ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliiweka Kenya juu ya nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa, wote wakiwa watu wenye intaneti, walisema wanaitumia.

Programu hizi hupima muda unaokaa kwenye kila video. Ukisimama kwenye video ya mwanamke mwenye kiuno chembamba, huletewa nyingine ya namna hiyo, na nyingine. Mashine haijui kwamba ulisimama kwa unyonge. Inachojua ni kwamba ulisimama. Ndiyo maana binti aliyeanza kwa kutafuta mtindo wa kufunga mtandio hujikuta, baada ya siku chache, anaonyeshwa chai za kupunguza tumbo na wanawake wanaopima mapaja yao kwa utepe.

Je, picha peke yake inaweza kumfanya mtu aache kula? Jibu mojawapo linatoka kwenye visiwa vya mbali, ambavyo kwa mambo mengi vinafanana na vyetu. Katika eneo la Nadroga huko Fiji, watu walisifu mwili ulioshiba, na kumlisha mgeni kulikuwa heshima, kama kwetu. Televisheni iliingia huko mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahoji wasichana wa shule wakati televisheni imeingia tu, kisha akarudi mwaka 1998 akahoji wengine wa umri huo huo. Mara ya kwanza hakukuwa na hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili walikuwa asilimia 11.3. Idadi ya waliohojiwa ilikuwa ndogo, takriban wasichana 60 kila mara, kwa hiyo tusiukuze utafiti huo kupita kiasi. Lakini wasichana wenyewe walieleza kwa vinywa vyao kwamba walitaka kufanana na waigizaji waliowaona. Na ile ilikuwa televisheni, inayotazamwa na familia nzima sebuleni. Simu, binti huingia nayo kitandani.

Kampuni zenyewe zinalifahamu jambo hili. Mwaka 2021, Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, alitoa nyaraka za ndani za kampuni hiyo. Katika mojawapo, watafiti wa kampuni waliandika kwamba miongoni mwa wasichana ambao tayari walikuwa wakijisikia vibaya kuhusu miili yao, asilimia 32 walisema Instagram iliwazidishia. Usome tena ufahamu: si kila msichana anaumia. Wengi hutazama, wakacheka, wakapita. Anayeumia zaidi ni yule aliyekuwa na jeraha kabla, na huyo ndiye wa kuangaliwa nyumbani.

Picha nyingi unazoziona zimeguswa, hata za watu wakubwa. Mnamo Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka Lupita Nyong'o kwenye jalada, lakini nywele zake za kipilipili zilikuwa zimefutwa na nyingine kulainishwa. Lupita, Mkenya aliyekwisha kushinda tuzo ya Oscar, aliweka picha zote mbili hadharani, ya asili na iliyofanyiwa kazi, akalalamika wazi. Mpiga picha aliomba radhi, na jarida pia. Miaka mitatu kabla, mwaka 2014, katika hotuba yake Marekani, alisimulia jinsi alivyokuwa akimwomba Mungu utotoni aamke asubuhi akiwa mweupe. Mwaka 2019 akaandika kitabu cha watoto, Sulwe, kuhusu msichana mweusi kuliko ndugu zake wote. Kama mwanamke anayesifiwa dunia nzima anafutiwa nywele asizozionea haya, usishangae picha ya mwenye duka la krimu kule Instagram nayo ikawa imefutwa madoa.

Siku hizi huhitaji hata mtaalamu. Filta ya simu hupunguza pua, huongeza midomo, hupausha ngozi na kukaza taya huku mtu akiendelea kuzungumza. Jizoeze kuikagua picha. Angalia kilicho nyuma ya mtu: fremu ya mlango, mistari ya vigae, ukingo wa meza. Ikiwa mstari umepinda karibu na kiuno au nyonga, mwili umevutwa. Angalia ngozi: uso wa mtu mzima usio na kitundu wala kinyweleo umepigwa pasi na programu. Kwenye video, tazama mkono unapopita mbele ya uso, kwa kuwa mara nyingi filta huyumba hapo. Halafu kuna mambo ambayo hayaachi alama yoyote: mwanga wa jioni, kamera iliyowekwa chini ili miguu irefuke, pumzi iliyozuiwa, mkanda wa kubana tumbo, na picha nyingi zilizofutwa ili ibaki moja. Wengi wanaopigwa picha ufukweni Diani hukaa nusu saa kwa ajili ya ile moja. Siwalaumu, wengine ni kazi yao. Ninachotaka ni binti wa Funzi ajue kwamba anaufananisha mwili wake wa siku nzima na sekunde moja ya mwenzake.

Nchi nyingine zimetunga sheria. Ufaransa tangu 2017 inataka picha ya tangazo iliyobadilisha umbo la mwanamitindo iandikwe kuwa imerekebishwa, na Norway ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022. Picha zinazovuka hadi kwenye simu ya Bodo hazina alama hiyo, basi jicho lako ndilo litakalofanya kazi.

Sasa tuje kwenye biashara, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia mwili na siyo moyo peke yake.

Ya kwanza ni krimu za kujichubua. Zinazoleta hatari kubwa huwa na zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Zebaki huharibu figo, na kwa mjamzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Haibaki kwa aliyejipaka tu: huenda kwenye taulo, mashuka na ngozi ya mtoto anayebebwa. Ikioshwa huenda na maji hadi baharini, ambako hubadilika na kuingia kwenye samaki, nasi ni watu wa samaki. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya bluu na meusi yasiyotoka, mara nyingi mashavuni, pale pale mtu alipotaka pang'ae. Steroidi hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya kitunguu, ikaota michirizi na chunusi na kuchelewa kupona jeraha. Tena ngozi iliyochubuliwa imepoteza kinga yake ya jua, na mwanamke anayeingia maji yakipwa kutafuta pweza hushinda juani.

Kenya ilikwisha kupiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kimataifa, nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe ifikapo 2025. Hata hivyo bidhaa hizo bado zinauzwa, nyingine kwa ujumbe wa WhatsApp tu. Kabla ya kununua, soma boksi. Haidrokwinoni utaikuta imeandikwa hydroquinone. Zebaki huandikwa mercury au calomel, au alama yake ya kikemia, Hg. Steroidi zinazopatikana sana ni clobetasol na betamethasone. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo, liache. Na iko dalili moja ambayo kina mama wetu, wapenda dhahabu, wanapaswa kuikariri: maelezo yakikuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu, fedha au alumini, shuku zebaki. Mkorogo unaochanganywa na mtu nyumbani kwake na kutiwa kwenye kopo tupu hauna namna ya kuujua, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Ukiwa umetumia krimu ya steroidi kwa miezi mingi, usiiache ghafla kwa hofu. Ngozi inaweza kuwaka na kuvimba vibaya, halafu mtu akarudi kwenye kopo akidhani ndiyo dawa yake. Mwone daktari akupunguzie taratibu.

Ya pili ni dawa za kutengeneza shepu. Mitandao yetu humtaka mwanamke awe na tumbo la mtoto na nyonga za namba nane kwa wakati mmoja, kwa hiyo huuziwa dawa ya kukonda na dawa ya kunenepa na mtu yule yule. Sirapu ya Apetamin, iliyovuma kupitia Instagram, ina siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Huongeza hamu ya kula, lakini pia huleta usingizi mzito na kizunguzungu, na idara ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imewaonya watu wasiitumie. Haiwezi kuchagua mafuta yaende nyonga badala ya tumbo, wala hakuna kidonge cha namna hiyo. Deksamethasoni, vidonge vidogo vinavyouzwa kimoja kimoja, huvimbisha uso na mwili huku ikipandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa. Upande wa kukonda, chai nyingi za kusafisha tumbo zina sanamaki, ambayo bibi zetu waliijua kama dawa ya kuharisha, wakaitumia siku moja na kuiacha. Ukiinywa kila siku unapoteza maji na chumvi, mizani inashuka, mafuta yako pale pale, na utumbo unaanza kushindwa kufanya kazi bila hiyo chai. Vidonge vingine vya kukonda vimekutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara yake kwenye moyo na mishipa.

Mama aliyejifungua nina neno naye peke yake. Mtandaoni atamwona mwanamke aliyezaa wiki tatu zilizopita, tumbo limerudi, amevaa gauni la kubana. Kwetu mzazi hukaa arubaini: anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa leso, analetewa uji na supu ya samaki. Mila hiyo ina hekima ambayo simu haina, kwamba mwili uliozaa unadai muda na msaada wa watu. Mji wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi ukubwa wake wa kawaida. Ngozi na misuli ya tumbo huchukua miezi, na michirizi hufifia bila kwisha kabisa. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida, kiasi cha mlo mmoja wa ziada kwa siku, kwa hiyo huo si wakati wa kujinyima. Kufunga tumbo kwa leso hakuna neno ukifunga kwa wastani. Ukibana hadi pumzi inakatika, au kama ulipasuliwa, legeza na umuulize muuguzi.

Nini cha kufanya na simu yenyewe? Sisemi itupwe. Simu hiyo hiyo huleta pesa za M-Pesa, habari za bahari, na sauti ya ndugu aliye Oman. Lakini kupunguza kunasaidia, na hilo limejaribiwa: huko Ottawa, Kanada, vijana wa chuo 220 waliokuwa na dalili za wasiwasi au huzuni waligawanywa makundi mawili, na lililopunguza mitandao ya kijamii hadi saa moja kwa siku lilijisikia afadhali kuhusu sura na uzito wao baada ya wiki tatu tu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2023. Saa moja inawezekana. Anza kwa kuiacha simu nje ya chumba cha kulala, na usiiguse mpaka umeswali, umekunywa chai na umeongea na mtu.

Kisha ifundishe programu. Kwenye TikTok bonyeza video kwa kidole bila kuachia, uchague neno la kuonyesha hupendezwi. Fanya hivyo kwa kila video ya mwili inayokuacha mnyonge, bila kuimaliza. TikTok na Instagram zote zina sehemu kwenye mipangilio ya kufuta mapendekezo ya zamani na kuanza upya. Itumie kama mambo yameshaharibika sana. Instagram pia hukuruhusu kuficha idadi ya likes. Stetasi za WhatsApp za mtu anayekuchoma roho unaweza kuzinyamazisha, naye hatajua. Halafu fuata watu wanaokufaa: mpishi, fundi wa nguo, mwanamke anayeonyesha anavyolima mwani, mtu mwenye rangi na umbo kama lako aliye na maisha yake. Usimpe mtoto chini ya miaka 13 akaunti, hata akilia kwamba wenzake wanazo.

Lakini mengi huharibikia nyumbani. Salamu zetu za "umenenepa!" na "mbona umekonda, una nini?" zilikuwa za mapenzi, na kwa watu wazima bado ni za mapenzi. Msichana wa miaka 14 anayeshinda na picha zile huzisikia vingine. Msalimie kwa mambo yake: masomo, ushonaji, mdogo wake. Mama akisimama mbele ya kioo akilitukana tumbo lake mwenyewe, binti anajifunza kulitukana lake. Nanyi kina baba na waume, kumwonyesha mke picha ya mwanamke mwingine na kusema "tazama wenzako" si mzaha. Wengi wameanza kununua krimu baada ya neno kama hilo.

Mkalie karibu binti ukiona anaanza kula peke yake au kuficha chakula, anaingia chooni kila baada ya kula, anakataa kupigwa picha au kwenda harusini, nguo zinampwaya ghafla au hedhi imekatika. Saumu ni ibada, tena mgonjwa ameruhusiwa asifunge. Msichana anayefunga mfululizo nje ya Ramadhani, kisha futari ikija haigusi, anahitaji kuulizwa kwa upole. Usianze na uzito wake. Mwambie, "Mwanangu, naona huna raha siku hizi," kisha unyamaze umsikilize. Anayejitapisha au anayeanguka kwa kizunguzungu asisubiri, apelekwe hospitali.

Mhamasishaji wa afya ya jamii anayezungukia nyumba zenu ndiye mlango wa kwanza. Wengi wao wana vifaa vya kupima presha, sukari na uzito, na wanaweza kukuelekeza. Kwa mabaka, michirizi, uvimbe wa uso au ujauzito ulioingiliana na krimu, vuka Bodo uende Hospitali ya Rufaa ya Msambweni. Kopo, boksi na vidonge vilivyobaki uvibebe, kwa sababu daktari akisoma maandishi anapata kazi rahisi kuliko kubahatisha. Watoto na wazazi wao wanaweza kupiga 116 bure, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za ushauri bure kwa 1199. Anayetukanwa mwili wake mtandaoni au kutishwa kwa picha ahifadhi ushahidi kwa kupiga picha skrini, tarehe na jina la akaunti vikionekana, kabla ya kumzuia mtu huyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inaweza kuliona jambo hilo kuwa kosa, na anayesambaza picha za faragha za mwenzake anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000 au kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na kama kuna ukatili ndani yake, piga 1195, nayo ni bure mchana na usiku.